Faini ya Kufurahi

Mwananchi wa Dar es Salaam amezoea kutozwa. Akiegesha gari anatozwa, akituma pesa kwa simu anatozwa, akinunua umeme anakuta kodi ya jengo imeshajikata humo humo kwenye LUKU. Hayo yote nimeshayakubali, naguna kidogo na kuendelea na safari. Kinachonikaa kooni ni kutozwa shilingi elfu tano Alhamisi jioni, mbele ya watu wazima waliovaa suti, kwa kosa la kuonekana nina furaha.

Mtozaji mwenyewe hana sare wala mashine ya risiti. Ana bakuli la plastiki ambalo, kwa ile rangi iliyoganda pembeni, naamini lilianza maisha likiwa la kachumbari. Klabuni tunamwita Sajenti. Kanuni zinasema kazi yake ni kulinda utulivu wa mkutano, na mimi ningependa sana kukutana na mtu aliyewahi kumwona akiulinda. Mchana ni wakala wa forodha, anawatolea watu makontena bandarini. Nadhani ndiyo sababu: mchana kutwa katozwa yeye, jua likizama inakuwa zamu yake.

Klabu yetu ni moja ya zile za Rotary. Jina lake kamili nalihifadhi, kwa kuwa mwanachama akitokea gazetini anatozwa elfu kumi, na klabu nzima ikitokea gazetini kwa mkono wa mwanachama sijui bei yake na sina haja ya kuijua.

Simu ikilia mkutanini, elfu mbili. Ikilia kwa mlio wa singeli, elfu tano, na unainuka kucheza. Ukisahau ile beji ya kifuani unatozwa. Ukinunua gari unatozwa kwa kujitanua, usiponunua unatozwa kwa kuendelea kuyatia aibu maegesho ya hoteli. Sajenti ni Yanga wa kuzaliwa. Simba ikifungwa, sisi wa Msimbazi tunalipa rambirambi. Simba ikishinda, tunalipa kwa kupiga kelele. Nilimuuliza siku moja, je, ikitoka sare? Akanitazama kwa huruma. "Sare mnalipa kwa kutupotezea muda, kaka." Haki ya kukata rufaa ipo: unasimama, unajieleza kwa kirefu, wanachama wanakusikiliza kwa makini, kisha faini inazidishwa mara mbili.

Halafu kuna dola za furaha. Zinaitwa dola ingawa tunalipa kwa shilingi. Mwenye habari njema anasimama, anatumbukiza noti bakulini, anasema lake. Binti kafaulu kidato cha sita. Kontena limetoka. Mke kakubali kurudi kutoka kwao Moshi. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari, kila wiki ana mjukuu wa kumlipia. Juzi kasimama kutangaza kuwa mmoja kaota jino, na daktari wetu wa meno naye akasimama kuuliza ni lipi. Wote wawili walitozwa.

Kwa haki ya Mungu, hiyo ni kodi iliyofikiriwa. Ni kodi ya majigambo. Hebu fikiria bakuli lile likipitishwa kwenye sherehe zetu za kumuaga binti, pale mjomba anaposhika kipaza sauti na kuanza kuhesabu shahada za bwana harusi moja moja na nchi alizosomea. Wilaya nzima ingepata lami kwa wikiendi moja.

Ila mimi Alhamisi ile sikuwa na habari yoyote ya kutangaza. Nilikaa kwenye kona yangu nikala pilau, nikakuta kipande cha nyama chenye mafuta pale ambapo hoteli za mjini huwa zinaficha mfupa, nikatabasamu. Basi. Sajenti alikuwa ameniona kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Mheshimiwa Rais, mkadiriaji wetu ana furaha ya siri. Furaha ya siri ni ubinafsi. Elfu tano!" Nilikuwa na noti ya elfu kumi. Bakuli lile halina chenji. Halijawahi kuwa nayo tangu lilipoachana na kachumbari.

Msishtuke kusikia Rais. Ndivyo anavyoitwa kiongozi wa klabu, na muhula wake ni mwaka mmoja, Julai mosi mpaka Juni 30, dunia nzima. Sijawahi kusikia aliyeomba aongezewe. Rais wetu hana msafara. Gari lake likiwa gereji anakuja kwa bajaji, na muhula ukiisha anapewa beji na kurudishwa kwenye foleni ya wali pamoja na sisi. Matokeo yake ukumbi ule umejaa marais wastaafu. Meza iliyo chini ya kiyoyozi ni yao watupu. Hawakubaliani jambo lolote isipokuwa moja: mambo yalikuwa mazuri zaidi katika kipindi cha kila mmoja wao.

Rais wa sasa ni mama mwenye kampuni ya kufanya usafi maofisini, na kengele ya mkutano anaigonga kama anafukuza kunguru kwenye mtama. Zamani asingekaribishwa hata mezani. Rotary iliwafungulia wanawake mlango rasmi mwaka 1989, na hata hapo baada ya kusukumwa, maana miaka miwili kabla Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshasema kwamba jimbo la California lina haki ya kuzizuia klabu za huko zisiwabague. Mzee wa bandari anapenda kukumbusha kwamba enzi za wanaume peke yao mikutano ilikuwa mifupi. "Ni kweli, mzee wangu," Mama Rais humjibu, "na hesabu za mwaka mzima ziliandikwa nyuma ya pakiti ya sigara. Ninazo ofisini. Nikuletee?"

Baada ya kengele ni wimbo wa taifa, na baada ya wimbo tunasimama kukumbushana yale maswali manne ambayo kila mwanachama anatakiwa kujiuliza kabla ya kusema au kutenda: kama jambo ni la kweli, kama linamtendea haki kila mhusika, kama litajenga urafiki, na kama lina faida kwa wote. Tunayatamka kwa sauti nzito utadhani yalishuka mlimani. Aliyeyatunga mwaka 1932 alikuwa mfanyabiashara wa Chicago, Herbert Taylor, aliyekabidhiwa kampuni iliyokuwa inakaribia kufilisika akaona aanze kwa kunyoosha maadili ya ofisi. Kampuni ilikuwa inauza masufuria. Mimi hupenda kulikumbuka hilo wakati marais wastaafu wamefumba macho.

Nimejaribu kuyapitisha maswali hayo kwenye faini yangu. Kweli? Nilitabasamu, sikatai. Haki? Hata kidogo. Urafiki? Sajenti anadai ndiyo, na ndiye aliyeshika bakuli. Faida kwa wote? Toa mimi.

Mwaka huu tumepata wanachama wapya, na mgeni akipokewa lazima asimuliwe historia. Wenyeji tunaisikia tukiwa tumeinamia sahani. Lakini nikwambie, ile historia haifanani na sura za watu wanaoisimulia. Msimuliaji anaanza na maneno kama ubinadamu na kujitolea, ilhali Paul Harris, wakili aliyelelewa kijijini Vermont akaja kutafuta maisha Chicago, shida yake ilikuwa upweke tu. Jiji lilikuwa na watu hadi pa kukanyaga hakuna, na yeye Jumapili hana wa kupiga naye soga. Tarehe 23 Februari 1905 akakutana na wenzake watatu: muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Walikaa katika ofisi ya yule mhandisi, Gustave Loehr, chumba namba 711 cha jengo moja katikati ya mji. Hakukuwa na yatima, kisima wala chandarua kwenye ajenda. Walitaka marafiki, na marafiki hao wapeane biashara. Wiki hii wakutane ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na huko kuzunguka ndiko kulikowapa jina. Mchapaji mmoja aliyejiunga mapema, Harry Ruggles, alipoona mkutano umepooza akawaimbisha, na kuimba kukaingia kwenye ratiba. Sisi nasi tunaimba. Hoteli imetuomba tufunge mlango.

Mimi sehemu hiyo ndiyo ninayoielewa kuliko zote.

Walipokwisha kufahamiana ndipo wakatafuta la kufanya, na kazi yao ya kwanza kwa jamii haikuwa ya kuwekwa kwenye kalenda. Ilikuwa vyoo. Mwaka 1907 walianza kushirikiana na wengine kuibana serikali ya jiji ijenge vyoo vya umma katikati ya Chicago. Waliopinga walikuwa watengeneza bia na wenye maduka makubwa, na hoja yao ilikuwa kwamba vyoo vya nini, wakati baa zinavyo na maduka yanavyo. Yeyote aliyewahi kubanwa Kariakoo saa nane mchana, akaambiwa kwenye mgahawa kwamba ufunguo anapewa mteja, akanunua soda asiyoihitaji na kuizidisha ile shida aliyokuja nayo, anaweza kuwaelewa wale wa Chicago bila mkalimani.

Na sisi, zaidi ya karne baadaye, tuko kwenye choo hicho hicho. Kuna shule moja ya msingi upande wa Temeke ambayo tumeahidi kuijengea matundu ya vyoo. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na atakayezitazama foleni za pale wakati wa mapumziko atadhani kuna kinachogawiwa. Klabuni kila mtu anatoa utaalamu wake. Daktari wa meno anakagua meno. Mwanasheria anaandika barua. Mimi ni mkadiriaji majenzi, kwa hiyo kila klabu inapopata wazo zuri, anayekesha na kikokotoo ni mimi. Wazo la daktari wa meno linamgharimu miswaki. La kwangu linanigharimu usingizi.

Nilifika Alhamisi ile na makadirio yangu, kurasa zimebanwa vizuri. Nikaeleza kwamba eneo lile maji ya ardhini yako karibu mno, kwa hiyo shimo refu la kawaida halifai, masika likifurika litarudisha kila kitu uwanjani. Inabidi tuinue sakafu, ngazi ziwe na mteremko wa kiti cha magurudumu, na shimo tulijenge kwa tofali lipakwe plasta ndani. Nikaeleza kwamba shimo lazima liwe mahali ambapo gari la majitaka litafika na bomba lake, maana choo cha shule kinajaa, na kilichojaa bila njia ya kunyonywa kinafungwa kwa kufuli na watoto wanarudi vichakani. Nikaeleza chumba cha kujistiri cha wasichana, chenye maji ndani, kichomea taka nyuma yake, na mlango unaofungwa kutokea ndani. Nondo, kokoto, bati, lori za mchanga. Nilikuwa mtamu siku hiyo, nakiri mwenyewe.

Nikauliza kama kuna swali. Mkono wa kwanza ulitoka chini ya kiyoyozi.

"Kibao kitakaa wapi?"

Hapo ndipo mkutano ulipoamka. Watu waliokuwa wanachezea simu chini ya meza walinyanyua vichwa. Rais mstaafu mmoja alitaka kibao cha marumaru chenye majina ya marais wote tangu klabu ianze. Mwingine akasema majina yote hayatoshi labda choo kiongezwe urefu. Bwana wa matangazo alitaka herufi zisomeke kutoka barabarani, akachora kwenye kitambaa cha mezani ambacho hoteli itatudai. Mwanasheria akahoji kama ni heshima gurudumu la Rotary kubandikwa chooni. Gurudumu hilo lina meno 24, na daktari wa meno hawezi kulisikia likitajwa bila kusema kwamba limepungukiwa manane, alete kiti alihudumie. Tumeusikia utani huo tangu alipojiunga. Tulicheka. Sajenti alimtoza kwa kurudia, akatutoza na sisi kwa kumtia moyo.

Kwenye mjadala wowote mkali, rais mstaafu wa umri mkubwa kuliko wote husubiri hadi wengine wachoke, kisha husema, "Ndugu zangu, tusisahau polio." Ni silaha nzito, kwa sababu ni kweli. Rotary ilianza kampeni kubwa ya kuitokomeza polio mwaka 1985, ikachangisha, ikatuma watu na matone ya chanjo hadi vijijini, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio. Utajibu nini hapo? Mwaka jana alitumia polio kupinga kubadilisha hoteli. Safari hii aliitumia kutetea marumaru: watu waliofanya jambo kubwa vile hawawezi kuweka kibao cha bati.

Mama Rais alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote. "Mzee wangu, hiyo polio inaingilia wapi?"

"Mdomoni."

"Ikitokea wapi?"

Mzee alikohoa.

"Kwenye kinyesi," daktari wa meno akamsaidia, nje kabisa ya fani yake.

"Ahsante. Basi turudi chooni. Mkadiriaji, endelea na shimo lako."

Nilitaka kumkumbatia. Sajenti akaliona hilo usoni mwangu, akanitoza.

Hapa msomaji ana haki ya kuniuliza: kama yote haya ni mateso, si uache? Nafasi ilikuwepo. Tangu mwaka 2016 Rotary imelegeza masharti, klabu inaweza kukutana mara mbili tu kwa mwezi ikitaka. Hoja ililetwa kwetu na mhasibu, mtu wa Kigamboni, ambaye Alhamisi akimaliza mkutano ana kivuko au daraja la kufikiria. Alikuwa na sababu zote: foleni, mafuta, bei ya chakula cha hoteli. Nusu ya ukumbi ilitikisa kichwa kukubali. Kura zilipopigwa, hoja ilianguka vibaya. Mhasibu mwenyewe hakuipigia.

Mimi nilipiga ya kukataa, na sababu yangu naisema hapa kwa kuwa nimeshalipia. Mtu akifika umri wangu, simu zinazoingia ni za michango. Kamati ya harusi inanitaka kwa ajili ya kadi, ukoo unanitaka kwa ajili ya jeneza, vijana wa ofisini wananiita mzee na kuninyamazia nikiingia. Watani wangu wa kweli wamekufa au wamehamishiwa Dodoma. Ni nani amebaki Dar es Salaam wa kuniambia mbele za watu kwamba shati langu limenibana tumboni na nilipie elfu mbili? Mzee wa bandari nyumbani kwake ana runinga mbili na hakuna wa kugombania naye rimoti. Akiumwa wiki moja, anayempigia kwanza ni Sajenti, kumwambia faini ya kutoonekana inazaa riba. Anatukana, anakata simu, wiki inayofuata yupo, na mjukuu mpya wa kumlipia.

Sasa turudi kwenye choo, maana hakijaisha.

Siku ile tulikuwa na mgeni. Mwalimu Mkuu wa ile shule alikuwa amekaa karibu na mlango muda wote, mkoba magotini, sambusa moja kwenye sahani. Alialikwa kutoa shukrani mwishoni. Mama Rais alipomkaribisha, alisimama, akatuamkia wazee wote shikamoo kwa mkupuo, akashukuru kwa matundu, akashukuru kwa chumba cha kujistiri, akashukuru hata kwa kibao.

"Nina swali dogo tu, samahanini. Sabuni atanunua nani?"

Ukumbi ulinyamaza. Bwana wa matangazo alilitazama gurudumu lake kwenye kitambaa. Mimi nilifungua makadirio yangu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa ile haraka ya mtu anayejua kitu hakimo. Chini ya meza ya marais wastaafu kijiko kilianguka na hakuna aliyeinama kukiokota.

Sajenti aliinuka. "Mheshimiwa Rais, wanachama wamekaa kimya mkutanini. Ni kosa. Elfu kumi kila mmoja, na marais wastaafu elfu ishirini, kwa kuwa wao wamenyamaza kwa uzoefu."

Bakuli lilizunguka likarudi limejaa hadi noti zinashikiliwa kwa kidole gumba. Mweka hazina akahesabu pale pale, akasema sabuni ya muhula mzima ipo na chenji inabaki. Makofi. Mama Rais akainua nyundo ya kengele, tukaanza kutafuta funguo za magari.

Ndipo daktari wa meno akauliza kama itakuwa ya mche au ya maji.

Yeye anataka ya maji, ni safi zaidi, haishikwi na mikono mia. Mama Rais, ambaye biashara yake ni usafi, akasema ya maji itachanganywa na maji mengine hadi ibaki harufu. Mzee wa bandari akasema ya mche itakwenda nyumbani mifukoni mwa kaptura kabla ya saa nne. Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono taratibu, akaeleza kwamba pale shuleni ya mche huitoboa katikati, huipitisha kamba na kuifunga kwenye kibuyu chirizi, hivyo mtoto ananawa lakini haondoki nayo. Mwanasheria akauliza kamba ikikatika mali hiyo ni ya nani. Kengele iligongwa, ikagongwa tena, haikusikika.

Kibao kimeahirishwa. Sabuni ni ajenda ya kwanza Alhamisi ijayo, na mimi nimeagizwa kuleta makadirio ya kamba.